Arudhi ya Gurudumu: Fani Isimeze Maudhui

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika madarasa ya fasihi simulizi, lakini ni nadra kusikika mahali inapohitajika mno siku hizi, yaani mbele ya duka la vipuri, mtu anaposimama na funguo za gari lake la pekee mkononi akizitazama rimu nne zinazometameta ukutani. Gari hilo ndilo linalompeleka kazini Jumatatu hadi Ijumaa. Ndilo linalowafikisha watoto shuleni, na mwezi wa Desemba ndilo linaloibeba jamaa nzima na mizigo yake hadi mashambani. Rimu zilizomvutia ni kubwa kwa inchi tatu kuliko zile zilizokuja na gari kutoka Japani. Mnunuzi huyu ana swali moja tu: bei gani? Maswali mengine matano au sita, ambayo majibu yake yana uzito kuliko bei, hayaulizwi.

Makala haya yanadai kuwa hayaulizwi kwa sababu mbili. Kwanza, gurudumu limegeuzwa kuwa pambo, likasahauliwa kuwa ni chombo cha kazi. Pili, maarifa ya gurudumu hayajaandikwa katika lugha ambayo mnunuzi, muuzaji na fundi huitumia wanapojadiliana, nayo ni Kiswahili. Sababu ya kwanza inamhusu kila mwenye gari. Ya pili inawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja.

Fani na maudhui ya gurudumu

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema kwamba fani na maudhui hutegemeana. Mtunzi anaweza kuipamba kazi yake kwa kila tamathali aijuayo, lakini pambo likizuia ujumbe kufika, kazi imeharibika. Kanuni hiyo hiyo inalifaa gurudumu. Maudhui yake ni kubeba uzito, kushika barabara, kusimama breki inapokanyagwa na kufuata usukani unapogeuzwa. Fani yake ni ukubwa wa rimu, idadi ya mikono yake, rangi yake na wembamba wa tairi linaloizunguka.

Hakuna ubaya wowote katika kupamba. Binadamu hupamba mlango, kanga, jahazi na hata kaburi. Matatu za Nairobi zimekuwa turubai la wachoraji kwa miongo kadhaa, na si haki kumdhihaki kijana anayetaka gari lake lipendeze. Isitoshe, zipo sababu za kiufundi za kubadili rimu. Rimu ya aloi iliyotengenezwa vyema huweza kuwa nyepesi kuliko ya chuma, na wepesi wa gurudumu una manufaa makubwa kwa kuwa uzito ulio chini ya springi hupokea kila mshtuko wa barabara bila mto wa springi. Tairi pana lenye ubavu mfupi nalo huitikia usukani upesi zaidi. Kwa hiyo mjadala hauhusu kama inafaa kubadili au la. Unahusu kipimo, na hapo ndipo neno arudhi linapopata nafasi yake, kwani arudhi ni elimu ya vipimo kabla ya kuwa elimu ya urembo.

Mizani iliyoandikwa ubavuni

Kila tairi limeandikwa mizani yake ubavuni, lakini wenye magari wengi hawajapata kuisoma. Chukua mfano wa 195/65R15 91V, ukubwa wa kawaida katika magari ya saluni ya wastani. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, yaani karibu milimita 127. Herufi R huonyesha muundo wa nyuzi za ndani. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 haina maana ya kilo 91 kama wengine wanavyodhani. Ni alama ya jedwali yenye maana kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 615. Herufi V huonyesha kwamba tairi limejengwa kuhimili mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa.

Anayesoma mizani hii anaweza kufanya hesabu ya darasa la nane na kujiepusha na hasara. Kipenyo cha gurudumu zima hupatikana kwa kujumlisha kipenyo cha rimu na kimo cha ubavu mara mbili. Kwa 195/65R15, jumla ni milimita 634.5. Mtu akitaka rimu ya inchi 16, tairi la 205/55 litampa milimita 631.9. Akitaka inchi 17, la 205/50 litampa 636.8. Akitaka inchi 18, la 225/40 litampa 637.2. Tofauti hizi ni ndogo, kwa kuwa kila rimu ilipokua, ubavu wa tairi ulipungua ili jumla isivurugike. Mtunzi wa shairi la kimapokeo anaujua utaratibu huu. Akirefusha neno moja katika mshororo wenye mizani 16, hana budi kufupisha jingine.

Tatizo huanza pale muuzaji anapochukua rimu ya inchi 16 na kuivisha tairi lililo karibu, tuseme 205/65. Kipenyo chake ni milimita 672.9, ambayo ni zaidi ya kile cha awali kwa asilimia 6. Kwa macho ya kawaida gari limependeza na limeinuka kidogo. Lakini kipimamwendo cha gari hakijui kwamba gurudumu limebadilika. Kinapoonyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 85. Kinapoonyesha 100, linakwenda 106. Dereva anaamini anatii sheria ilhali anaivunja, na umbali anaouhitaji ili kusimama umeongezeka pasipo yeye kujua. Kanuni inayofuatwa na mafundi makini ni kwamba kipenyo kipya kisitofautiane na cha awali kwa zaidi ya asilimia 3, na kadiri tofauti inavyokuwa ndogo ndivyo bora.

Alama ya uzito nayo hupuuzwa zaidi ya zote. Matairi mawili ya 205/50R17 yanaweza kufanana kama mapacha, moja likiwa na alama 89 na jingine 93. La kwanza hubeba kilo 580 na la pili kilo 650. Kwa gari ambalo kiwandani lilipewa matairi ya 91, lile la kwanza ni pungufu. Upungufu huo hauonekani dereva akiwa peke yake mjini. Huonekana watu watano wanapoketi, buti linapojaa magunia na gari linapoteremka bonde saa nane mchana, lami ikiwa moto.

Vipimo visivyoonekana

Zaidi ya ubavuni, vipo vipimo vilivyojificha nyuma ya rimu. Cha kwanza ni mduara wa matundu ya boliti. Rimu yenye matundu matano yaliyopangwa kwenye mduara wa milimita 112, kama ilivyo katika magari mengi ya Mercedes-Benz na Audi, hufanana sana na yenye mduara wa milimita 114.3 iliyozoeleka katika magari mengi ya Kijapani. Tofauti ni milimita 2.3. Jicho haliioni, lakini boliti huihisi. Fundi asiye mwaminifu anaweza kuilazimisha nati ishike, boliti zikapinda kidogo, na gari likaondoka dukani likiwa na magurudumu ambayo hayakukaa sawasawa.

Cha pili ni tundu la kati ambalo hukaa juu ya kitovu cha gari. Subaru Impreza na Forester za miaka ya 2000 zina matundu matano kwenye mduara wa milimita 100, na zipo Toyota zenye mduara huo huo. Mwenye haraka husema basi rimu za gari moja ni za jingine. Hata hivyo, kitovu cha Subaru hizo kina kipenyo cha milimita 56.1 ilhali cha Toyota hizo ni milimita 54.1. Rimu ya Toyota haiingii kwenye Subaru bila kuchongwa. Rimu ya Subaru huingia kwenye Toyota, lakini huacha pengo la milimita 2 linalopaswa kuzibwa kwa pete maalumu ili rimu ikae katikati hasa. Pete hiyo isipowekwa, usukani huanza kutetemeka gari linapokwenda kasi, mwenye gari akalaumu barabara au akabadilisha vifaa visivyo na kosa. Hata nati zao hazipatani. Za Subaru zina hatua ya uzi ya milimita 1.25, na za Toyota milimita 1.5. Nati ikiingizwa kwa nguvu mahali isipostahili, huharibu uzi wa boliti.

Umbo la nati nalo lina neno. Rimu nyingi za aloi ambazo Toyota huzitoa kiwandani hutumia nati yenye shingo na sahani bapa, ilhali rimu nyingi za kununuliwa madukani huhitaji nati yenye ncha ya pia. Nati bapa katika tundu la pia hugusa sehemu ndogo tu ya chuma. Inaweza kukazwa hadi fundi akatoka jasho, na bado ikalegea baada ya siku chache. Ndiyo sababu rimu mpya zinahitaji nati zake, zikazwe kwa msalaba na si kwa kuzunguka, zikazwe kwa spana yenye kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Ukaguzi huu wa pili hauhitaji zaidi ya dakika tano, nao ndio unaosahauliwa zaidi.

Kipimo cha mwisho ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaogusa kitovu. Mafundi wamezoea kuuita ofuseti, nao huandikwa kwa milimita. Tuseme gari lilikuwa na rimu yenye upana wa inchi 6 na ofuseti ya 45, likavishwa nyingine yenye upana wa inchi 7 na ofuseti ya 38. Ukingo wa nje wa gurudumu utasogea nje kwa karibu milimita 20, na wa ndani utasogea ndani kwa karibu milimita 6. Milimita 20 ni upana wa kidole gumba. Zinatosha kulifanya tairi lisugue madigadi gari linapopita kwenye tuta likiwa na abiria nyuma. Zinatosha pia kuyaongezea mzigo beringi za magurudumu na kuubadilisha wepesi wa usukani. Wapo wanaotafuta hali hii makusudi kwa kuweka vipande vya chuma kati ya kitovu na rimu, gari lionekane limepanua kifua. Kwa gari la maonyesho, hiari ni yao. Kwa gari linalobeba watoto kila asubuhi, kifua hicho kinanunuliwa kwa bei ghali.

Barabara ndiyo msomaji

Kazi ya fasihi huandikwa kwa msomaji fulani, na gurudumu huchaguliwa kwa barabara fulani. Barabara Kuu ya Thika iliyozinduliwa mwaka 2012 na Barabara ya Expressway ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2022 zinaweza kumdanganya mtu akadhani kila safari yake ni ya lami laini. Lakini gari la kila siku halikai katika barabara kuu. Hutoka humo likaingia kwenye mtaa wenye mashimo, likavuka matuta ambayo hayakuchorwa alama, likaegeshwa juu ya ukingo wa zege, na mwisho wa mwezi likapanda barabara ya changarawe. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 na mafuriko ya mwaka 2024 yaliharibu barabara nyingi nchini, na shimo lililojaa maji haliwezi kupimwa kina kwa macho.

Hapa ndipo ubavu wa tairi unapojieleza. Katika mfano wa awali, tairi la 195/65R15 lina ubavu wa milimita 127, na lile la 225/40R18 lina milimita 90. Vipenyo vyao vinakaribiana sana, lakini mto wa hewa na mpira umepungua kwa zaidi ya robo. Gurudumu linapotumbukia shimoni, ubavu mrefu hujikunja na kuumeza mshtuko. Ubavu mfupi hufika mwisho wa mkunjo wake mapema, na ukingo wa rimu ukaugonga mpira juu ya ncha ya lami. Matokeo ni uvimbe ubavuni mwa tairi, dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika, au rimu iliyopinda au kupasuka. Rimu za chuma hupinda na mara nyingi huweza kunyooshwa. Aloi duni iliyosubuliwa bila uangalifu huweza kupasuka ghafla. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kidonda cha gurudumu hakimuumi mnunuzi peke yake. Humuuma pia abiria, na mpita njia aliyesimama kando ya barabara.

Aidha, tairi lililopasuka linahitaji mwenzake. Mtu anayeendesha gari mashambani angekuwa na busara kujiuliza kama mji ulio karibu una tairi la 225/40R18. La inchi 15 atalipata hata kwa muuzaji mdogo. Mwenye kununua matairi yaliyokwisha kutumika naye asisahau kusoma tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, na watengenezaji kadhaa hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama mifereji yake bado ina kina.

Wanamapokeo na wanamabadiliko

Wasomi wa ushairi wa Kiswahili wanaukumbuka mgogoro uliozuka baada ya diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974. Wanamapokeo walishikilia kwamba bila vina na mizani hakuna shairi. Wanamabadiliko walisema kwamba mtunzi ana haki ya kuvunja umbo ili aseme analotaka kusema. Katika karakana upo mgogoro unaofanana na huo. Upande mmoja husema kwamba aliyeliunda gari anajua kuliko kila mtu, na kubadili chochote ni ujuba. Upande wa pili husema kwamba kiwanda kiliwaundia wateja wa kila aina, na kila mmoja ana haki ya kulirekebisha gari lake.

Kila upande una hoja, na kila upande una kosa. Wanamapokeo wa gari husahau kwamba mara nyingi kiwanda chenyewe hutoa aina moja ya gari kwa rimu za ukubwa mbili au tatu. Kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva au kitabu cha gari huonyesha ukubwa huo na kiasi cha upepo unaofaa. Kwa hiyo nafasi ya mabadiliko imo ndani ya mapokeo yenyewe. Wanamabadiliko nao husahau jambo ambalo wenzao wa ushairi walilijua vyema. Anayevunja arudhi kwa ustadi ni yule anayeijua. Mtunzi wa shairi huru aliyebobea anafahamu anachokiacha na sababu ya kukiacha. Anayeweka rimu ya inchi 18 bila kujua ofuseti ni nini hajavunja kanuni yoyote, kwa kuwa hajawahi kukutana nayo.

Msimamo unaotetewa hapa ni wa katikati, lakini una mipaka iliyo wazi. Kwa gari la kila siku, kuongeza rimu kwa inchi moja, tairi likichaguliwa kwa hesabu, ni mabadiliko yanayoweza kuvumiliwa na barabara za Kenya. Inchi mbili ni kwa mwenye kuijua njia yake na kukagua upepo kila wiki. Inchi tatu na kuendelea ni kwa gari la pili, la mwenye gari la kwanza. Zaidi ya hayo, mwenye bima aitaarifu kampuni yake kuhusu mabadiliko aliyoyafanya, kwa kuwa mkataba wa bima husimama juu ya ukweli uliotajwa.

Lugha ya karakana na wajibu wa wasomi

Katika karakana za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mafundi wana lugha iliyokomaa. Husema tairi linakula upande mmoja, gari linavuta kushoto, usukani unacheza, breki hazishiki, tairi limekuwa kipara. Kila usemi kati ya hizi ni tashihisi au sitiari, na kila mmoja hutaja hitilafu mahususi. Tairi linalokula upande wa ndani linamwambia fundi kwamba pembe za magurudumu zimepotoka. Linalokula katikati linaashiria upepo uliozidi, na linalokula kingo zote mbili linaashiria upepo uliopungua. Haya ni maarifa ya kweli, na Kiswahili kinayabeba bila kulemewa.

Lugha hiyo hukwama inapofika kwenye vipimo. Fundi anayeeleza kwa ufasaha jinsi tairi linavyokula hubadilika akawa mtu wa herufi za Kiingereza zisizofafanuliwa anapotakiwa kueleza mduara wa boliti, tundu la kati au ofuseti. Mnunuzi huitikia kwa kichwa ili asionekane mshamba. Biashara hufungwa kati ya watu wawili ambao hawakuelewana, na mmoja wao ndiye atakayeliendesha gari hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili katika Kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika nayo kikamilifu. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kukubali kwamba habari za usalama wa tairi zibaki katika lugha ambayo wanunuzi wengi hawaisomi kwa urahisi.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wahandisi. Wahandisi wanayo hesabu, lakini uundaji wa istilahi ni taaluma ya Kiswahili. Wengine watasema kwamba Kiswahili kimekwisha kuunda istilahi za sayansi, wakitaja Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Ni kweli, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, istilahi iliyolala kamusini haimsaidii mtu aliyesimama mbele ya rafu ya matairi. Panahitajika istilahi inayotoka kinywani mwa fundi, ikapimwa na msomi, kisha ikarudishwa kwa fundi ikiwa imenyooshwa. Kitovu tayari ni neno zuri kuliko habu. Ubavu wa tairi hauhitaji mkopo wowote. Pia, ile ya watoto, inalieleza umbo la nati kwa neno moja. Ofuseti huenda ikabaki mkopo, na si aibu, mradi maana yake iandikwe.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza kwa jambo dogo. Katika likizo moja, wanafunzi kumi waende katika karakana kumi, wakusanye maneno ya gurudumu na maelezo yake. Orodha ikishalinganishwa na wahadhiri wakishaipitia pamoja na mafundi, itolewe kwenye ukurasa mmoja unaoeleza jinsi ya kusoma ubavu wa tairi na maswali ya kumwuliza muuzaji. Ukurasa huo ubandikwe dukani. Tasnifu nyingi za uzamili huchunguza majina ya matatu na maandishi yaliyochorwa juu yake, na ni utafiti wenye thamani. Lakini mtafiti aliyeyasoma maandishi ya ubavuni mwa matatu angeweza kuinama kidogo akasoma na yale yaliyo ubavuni mwa tairi, ambayo yanaamua kama abiria watafika.

Hitimisho

Gurudumu ni sehemu ya gari inayogusa nchi. Injini ikiwa na nguvu kiasi gani, na breki zikiwa mpya kiasi gani, kazi yao yote hupitia katika vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Anayeyabadili magurudumu ya gari la kila siku anabadili kitu hicho, wala habadili sura peke yake. Na apambe, lakini apime kwanza kipenyo, mduara wa boliti, tundu la kati, ofuseti, alama ya uzito na aina ya nati, na akumbuke kuirudia spana baada ya kilomita 100.

Nao wenye taaluma ya Kiswahili wasingoje waalikwe karakanani. Lugha inayojivunia kuhesabu mizani kwa karne kadhaa haina udhuru wa kushindwa kueleza mizani ya tairi. Mwanafunzi atakayeiandika vyema huenda asitajwe katika historia ya fasihi, lakini yupo mzazi atakayeisoma siku ya kununua matairi, akachagua yanayofaa.